Angalia Miguu Yake

Jioni ya kwanza nilikufa mara tatu kabla chai haijapoa. Na aliyeniua hakuwa wa kutisha kihivyo: mjusi mkubwa wa manjano, tumbo limemjaa kwa sababu alikuwa ametoka kummeza mnyama mwingine mzimamzima. Alinilalia, akanigonga kwa ubavu, akanilalia tena. Mara ya tatu paka wawili wakanibwaga kutoka kwenye mkokoteni mbele ya hema kama gunia la viazi sokoni, na maandishi yakatokea kunijulisha kwamba kazi imenishinda. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa akikatakata sukuma na hakuinua macho. "Si ulisema ni ya watoto?"

Mchezo wenyewe ni Monster Hunter: World. Kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ilianzisha ukoo huu mwaka 2004 kwenye PlayStation 2, na kwa miaka mingi ulikuwa ugonjwa wa Wajapani zaidi; vijana wa kule walikutana mikahawani na vituoni wakiwa na PSP mikononi, wakiwinda pamoja. World ilipotoka Januari 2018 ndipo walimwengu wengine tukaambukizwa. Imeuza nakala zaidi ya milioni 20. Moja ya hizo iko hapa Kiserian, kwenye nyumba inayotazama vilima vya Ngong, na kasha lake limepasuka pembeni kwa sababu niliwahi kulitupa.

Ninamwandikia yule aliye mahali nilipokuwa jioni ile: amechoka na kandanda, amepata PS4 ya mtumba, amevutiwa na picha ya joka kwenye kasha, na sasa anajiuliza kama amepoteza pesa. Huenda umezipoteza, sikufichi. Lakini usiamue kabla hujafika kwa mnyama wa tano au wa sita.

Kwanza ujue kwa nini hukuwahi kuuona mchezo huu kwenye kibanda cha PS. Vibanda tunavijua, kuanzia Rongai hadi huku kwetu na ng'ambo kule Kitengela: benchi, televisheni mbili tatu, pazia la kuzuia jua, na foleni ya vijana wanaosubiri zamu. Kandanda imeumbwa kwa ajili ya kibanda. Mechi ni ya dakika chache, unalipa kwa mechi, aliyefungwa anaondoka na mwingine anakalia joto lake. Hata anayetazama anapata raha kwa sababu anaweza kutukana. Sasa mwekee mwenye kibanda mchezo ambao kazi moja imepewa dakika 50, mchezaji ni mmoja, na dakika kumi za mwanzo zinaishia kufuata nyayo kwenye matope na kuchuma uyoga. Atafunga biashara wiki hiyohiyo. Kwa hiyo huu ni mchezo wa nyumbani. Utaununua mwenyewe, utakula stima yako mwenyewe, na utagombaniwa televisheni na watu wako mwenyewe. Karibu shida zake zote zinaanzia hapo, na nitazifikia.

Utamu wake lakini ni upi? Ukitoka kwenye michezo mingine utatafuta mstari mwekundu juu ya kichwa cha adui, ule unaopungua kila unapompiga. Huku haupo. Mnyama amebakiza uhai kiasi gani, huambiwi. Wala wewe mwenyewe huongezeki nguvu kwa kuua. Mwili ulioanza nao ndio utakaomaliza nao, na nguvu zote ziko kwenye silaha na mavazi ambayo fundi wa chuma anakutengenezea kwa ngozi, magamba na mifupa ya uliowaangusha. Umemshinda anayetema moto? Utavaa ngozi yake na moto utakupunguzia makali. Kinachobaki ni wewe na macho yako. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, nami nilishindwa kwa majuma mawili, hadi jirani mmoja aliponifungua macho bila hata kushika padi.

Ni mzee wa Kimaasai anayetuletea maziwa. Siku hiyo mvua ilimkuta kwetu, akakaa kuisubiri ipungue. Mimi nilikuwa nikipigana na Anjanath, mnyama wa miguu miwili mwenye kichwa kikubwa, anayefura pua na kutema moto. Huyu ndiye ukuta ambao wachezaji wapya wengi wa World hugonga. Alikuwa ameshaniua mara mbili. Mzee alitazama kimya, kikombe mkononi, kama mtu anayetazama mbuzi wa mwenziwe mnadani. Kisha akasema, "Huyo anachechemea."

Nikamwambia, "Mzee, huyu yuko sawa kabisa, ona anavyonguruma."

"Wewe unaangalia mdomo. Angalia miguu yake."

Kweli. Mguu wa nyuma ulikuwa ukivutwa. Mnyama akageuka, akaniacha, akaanza kupanda kuelekea kichakani. "Sasa anaenda kulala," mzee akasema. "Aliyeumia hurudi pale anapolala." Nikamfuata, nikamkuta amejikunja usingizini. Nilikuwa nimecheza majuma mawili na mzee alikuwa ameutazama mchezo kwa dakika kumi.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: kazi zako mbili tatu za mwanzo na kila mnyama mpya, usitafute kumuua. Zunguka. Beba kinga, kimbia, tazama. Kila mnyama hutoa ishara kabla ya kupiga, na ishara hiyo huwa haibadiliki. Mmoja huinua mkia kidogo. Mwingine hurudi nyuma hatua moja kama kondoo dume. Pukei-Pukei, yule wa kijani anayefanana na kinyonga aliyezaa na kasuku, huvimbisha koo kabla ya kutapika sumu. Akichoka, mate humdondoka na mashambulizi yake huanza kukosea. Hapo ndipo umrukie. Akikasirika, pumzi hubadilika na mwendo huongezeka. Hapo ndipo ujiondoe ukanoe upanga. Kuna methali kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huku mambo yamegeuzwa: zimwi halikujui hata kidogo, wewe ndiye unayepaswa kulijua mpaka uchoke nalo.

Wazee wa huku husimulia kwamba vilima vya Ngong ni vifundo vya ngumi ya jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka kifudifudi. Kila asubuhi nikisubiri gari la 126 naviona vifundo hivyo, na katika hadithi hiyo napenda jambo moja: jitu halikuangushwa na shujaa yeyote. Lilijikwaa. Mchezo huu unajua siri hiyo. Diablos, yule wa jangwani mwenye pembe mbili, ukisimama mbele ya mwamba na kuondoka dakika ya mwisho, atachoma pembe kwenye jiwe na kunasa. Akizama mchangani, mrushie kitu chenye kelele kali na atatokeza nusu mwili, hoi. Rathalos anayeruka na kutema moto, mrushie mwanga machoni naye ataanguka kutoka angani kama embe. Ukishindwa na mnyama mara nne, usitafute silaha kubwa zaidi. Tafuta kinachomkwaza.

Silaha ni aina 14, na hapa watu hupotea kwa tamaa. Kila mtu mpya huchukua zile panga mbili za mikono yote miwili kwa sababu zinazunguka kama feni. Nilifanya hivyo pia. Tatizo ni kwamba panga hizo zinakufundisha kubonyeza, na kubonyeza ndiyo tabia inayokuua. Anza na upanga na ngao. Si silaha ya kujivunia, inakaa kama simi ya mtu anayekwenda kuchinja mbuzi mmoja tu, lakini ndiyo inayokuruhusu kunywa dawa bila kuirudisha alani kwanza, na kwa mtu mpya hilo ni uhai. Ukishazoea, jaribu upanga mkubwa. Huo ni mzito kiasi kwamba ukikosea wakati umekwisha, na kwa hiyo utakulazimisha kusubiri kama mzee wangu. Kuna mkuki na ngao kwa wavumilivu, upinde na bunduki kwa wasiopenda kuguswa, na kuna baragumu kubwa mfano wa siwa ya Lamu ambalo unampiga nalo mnyama kichwani na papo hapo linatoa wimbo wa kuwapa wenzako nguvu. Sijawahi kuliweza. Nimeshaona mtu analiweza na nikamwonea wivu. Kuna uwanja wa mazoezi, ingia kupitia kwa paka wa chumbani mwako, kaa nusu saa na silaha moja hadi vidole vijue bila kuulizwa.

Neno la haraka kuhusu zana za bure. Ukiwa na toleo lililoongezewa mambo mapya, utakuta sandukuni silaha na mavazi yenye nguvu kupita kiasi, yaliyowekwa ili watu wafike upesi kwenye upanuzi wa Iceborne wa mwaka 2019. Usiyavae. Utapita kwa wanyama ishirini wa kwanza kama gari lisilo na breki, hutajifunza ishara hata moja, kisha utafika kwenye barafu na kuchapwa kama mtoto.

Na kabla ya kutoka, kula. Mkahawa uko kambini na mpishi ni paka. Chakula chake huongeza uhai na pumzi. Ajabu ni kwamba mtu wa Kiserian, anayejua kuagiza robo ya mbuzi na ugali hata kabla ya safari ya Magadi, ndiye anayesahau kula kwenye mchezo. Kisha noa. Upanga hupoteza makali katikati ya vita, unaanza kudunda kwenye magamba, na mtu mpya hudhani mnyama ameongezeka nguvu. Kinoo kiko mfukoni mwako na hakiishi.

Sasa maudhi, na baadhi yake hayana dawa.

La kwanza ni kwamba ukibonyeza umebonyeza. Upanga ukianza kushuka utashuka mpaka chini, hata kama umeshaona mkia unakuja. Watu husema padi ni mbovu. Padi ni nzima. Ni mchezo unaokutaka ulipie uamuzi wako, na mimi baada ya muda nilikuja kuupenda kwa sababu hiyohiyo iliyonifanya nitupe kasha. Lakini kamera, hiyo sitaitetea. Mnyama akikubana kwenye kona ya pango, utaona manyoya, ukuta na kisigino chako mwenyewe, na utakufa bila kujua umeuawa na nini. Usipigane kwenye kona. Mvute mnyama atoke. Akiona umekimbilia uwazi atakufuata.

La pili ni bahati. Ukishamwangusha mnyama unamchuna mara tatu, na kila unachopata kinatoka kwa kura. Ngozi zinajaa, kile kito kimoja unachohitaji kumalizia upanga hakitoki. Utamuua mnyama yuleyule mara kumi na moja. Hapa nakushauri mambo mawili. Soma daftari la wanyama lililomo ndani ya mchezo, linakuonyesha kiungo kipi kinatoka wapi: pengine kito unachotafuta hupatikana zaidi ukivunja kichwa, au ukikata mkia na kuuchuna peke yake, nawe umekuwa ukipiga tumbo usiku kucha. Kisha jifunze kuteka badala ya kuua. Mnyama akishachechemea, tega mtego wa shimo au wa umeme, akinasa mrushie mabomu mawili ya usingizi, kazi imekwisha. Kuteka kunaokoa dakika tano au kumi za mwisho, zile za hatari kuliko zote, na zawadi zake zina kura yake tofauti. Majoka ya kale tu ndiyo hayatekeki.

Yule mzee alirudi siku nyingine, mvua haikuwepo, nadhani alikuja makusudi. Nilimwonyesha Rathalos chini, nikiwa na fahari. Akauliza, "Na huyu alikula ng'ombe wa nani?"

Sikuwa na jibu. Mchezo una maelezo yake kuhusu chama cha wawindaji na mizani ya porini, lakini jaribu kumweleza hayo mtu ambaye rika la baba yake lilimfuata simba kwa mkuki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Huku kwetu Kajiado, mwaka 2012, karibu na Amboseli, morani walianza kushindana kurusha mkuki na rungu, kukimbia na kuruka badala ya kuua simba, wakaita Olimpiki za Wamaasai. Uwindaji umegeuka kuwa mchezo pande zote mbili, kwao wa viwanjani, kwangu wa sebuleni. Tangu swali lile, mimi huteka kila ninapoweza. Najua ni picha tu. Mzee alipoona mnyama amelala kwenye mtego akakubali kwa kichwa, ingawa aliongeza kwamba atakapoamka mimi nisiwe karibu.

La tatu ni upweke, na hili linawauma zaidi wanaotoka kwenye kandanda. Mashine moja ni mchezaji mmoja. Hakuna kuigawa skrini, hakuna padi ya pili. Ndugu wawili watacheza kwa zamu au watagombana. Dawa yake ni kwamba mchezo una nafasi tatu za kuhifadhi, kila mtu awe na mwindaji wake, na asiyecheza apewe kazi ya mzee: kutazama miguu. Kwetu imekuwa hivyo, na mtazamaji huona mengi kuliko mchezaji.

Kucheza na walio mbali kunawezekana, hadi watu wanne, lakini kwenye PlayStation lazima ulipie PS Plus, na Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation. Watu hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Ukifanya hivyo, vocha unayonunua iwe ya nchi ileile ya akaunti, la sivyo itakataliwa na pesa hazirudi. Hata hapo kuna kero iliyowekwa na watengenezaji wenyewe: kwenye kazi za hadithi, kila mmoja lazima aingie peke yake kwanza, atazame kipande cha filamu hadi mwisho, ndipo mwenzake aweze kujiunga. Mimi na binamu yangu aliyeko Mombasa tulipoteza jioni nzima tukipigiana simu: "Umeshaiona? Mimi bado." Anayecheza peke yake hahitaji PS Plus wala bando la kila siku, na hadithi yote inachezeka hivyo. Nami nasema ichezwe hivyo mara ya kwanza.

Tuje kwenye kununua, kwa sababu barua nyingi ninazopokea ni za watu waliokwisha kuuziwa. Ukoo huu una matoleo mengi na majina yanafanana. Wilds, iliyotoka Februari 2025, haiingii PS4. Ni ya PS5, Xbox mpya na kompyuta. Mtu akikuuzia "mpya kabisa, inaingia zote", aga uende. Rise ilianzia kwenye Switch mwaka 2021 ikafika PS4 na PS5 Januari 2023; ni nyepesi zaidi, ina kasi, una mbwa wa kumpanda, na kazi zake ni fupi. Kwa mtu mwenye saa moja tu jioni, au mzazi anayemtafutia mtoto, hiyo ndiyo ningechukua. Ulaya waliiwekea umri wa miaka 12, ilhali World waliiwekea 16. World ni ya mwenye subira, na inacheza kwenye PS4 na PS5 yenye tundu la CD.

Nunua CD ukiweza, si ya kupakua. CD utaiuza ukichoka, na mchezo uliopakuliwa utabaki kwenye akaunti yako hadi kiama. Igeuze juani uangalie mikwaruzo. Mimi niliuziwa moja iliyokwaruzwa, ikawa inakwama kila joka linapotokea, na muuzaji akaniambia labda joka ni kubwa. Tena angalia ubavuni mwa kasha namba inayoanza na CUSA. Ukitaka kununua upanuzi wa Iceborne baadaye kupitia mtandao, sharti utoke kwenye duka la eneo lileile la CD. CD ya Ulaya na upanuzi wa Marekani havitambuani. Na ukiuziwa kasha linalosema upanuzi umo, uliza kama uko kwenye CD au ni namba ya kupakulia. Kama ni namba, aliyekutangulia ameshaitumia.

Halafu stima. Anayecheza kandanda akipotelewa na stima amepoteza mechi moja. Mchezo huu huhifadhi ukimaliza kazi, si katikati yake, kwa hiyo stima ikipotea dakika ya 38 umepoteza zote 38. Ilinitokea Anjanath akiwa tayari anaburuta mguu. Giza likaingia, kimya, upepo wa Ngong ukigonga bati. Mzee, ambaye siku hiyo alikuwepo, akasema taratibu gizani, "Sasa amepona."

Fanya hivi. Nunua kile kikinga cha umeme ambacho watu huweka kwenye televisheni na friji, kwa sababu kinachoua mashine kwa kawaida ni stima inaporudi kwa kishindo, hasa usiku. Usiiache PS4 kwenye usingizi mwepesi ukaenda kulala, izime kabisa. Ukiweza, pata UPS ndogo, si ya kuchezea saa nzima, ni ya kukupa muda wa kumaliza mnyama au kujiondoa kwa heshima. Wanaohofia tokeni wasihofu sana: PS4 nyembamba, ile ya mwaka 2016, hula kama wati 80 hadi 100 ukicheza, televisheni ya inchi 32 huongeza 50 hivi, kwa hiyo saa mbili za uwindaji hazifiki theluthi moja ya yuniti. PS4 ya kwanza hula zaidi, na PS5 hugusa wati 200. Na walio kando ya barabara ya Isinya wanaotumia jua: betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye makaratasi, lakini usiishushe chini ya nusu. Toa inachokula inverta, unabakiwa na saa tatu na nusu za PS4 nyembamba na televisheni yake. Zinatosha. Kama hazitoshi, tatizo si betri.

Vumbi nalo. Kuanzia Januari hadi mvua ya masika, vumbi la huku huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Ukisikia PS4 inavuma kama posho mili, feni imeziba. Iinue kutoka sakafuni, usiifunike kitambaa cha kufuma ikiwa imewashwa (mama zangu, nisameheni), na kila baada ya miezi michache ipangushe matundu kwa brashi laini au umpelekee fundi aifungue.

Kuhusu watu wa nyumbani sina ujanja mkubwa. Ukweli ni kwamba kazi ya dakika 50 haifanani na mechi ya dakika 12, na mkeo akisema chakula tayari ukajibu "namalizia," atakuwa sahihi kukasirika kwa sababu hujui unamaliza lini. Mnyama hana mstari, umesahau? Mimi nimejiwekea kazi moja baada ya chakula, mbili siku ya Jumamosi, na siianzi iliyo na mnyama nisiyemjua baada ya saa nne usiku. Ukishindwa mara mbili mfululizo, zima. Mara ya tatu hutakuwa unaangalia miguu, utakuwa unaangalia hasira yako, na mnyama atakuona. Asubuhi yake, na hili limenitokea mara nyingi kuliko ninavyoweza kulieleza, unamwangusha kwa jaribio la kwanza kabla ya kwenda kazini.

Kile kito chekundu cha Rathalos nilikuwa nikikitafuta tangu mwaka juzi ili nimalizie upanga mkubwa. Nimemwinda mara kumi na tisa, nikamvunja kichwa, nikamkata mkia, nikamteka, nikamuua. Hakuna. Likizo ya Agosti binti yangu wa kidato cha tatu akafungua nafasi yake mwenyewe ya kuhifadhi, akacheza kimyakimya na upanga na ngao. Siku moja nilitoka kazini nikamkuta mbele ya skrini ya zawadi, anashuka orodha kwa kidole. Nikamwuliza amemuua nani. Akasema yule ndege mwekundu, mara ya kwanza, alikuwa anachechemea akamtegea shimo. Nikamwuliza amepata nini.

"Ngozi, kucha, na jiwe fulani jekundu," akasema. "Nimeliuza ninunue dawa."